Matofaa Mekundu ya Baba Yako Mdogo

Mwanangu Subilaga,

Yale matofaa mekundu uliyowamwagia nguruwe Jumamosi yalikuwa mazuri. Ulipoingia ndani kuendelea kupanga sanduku lako, nilikwenda bandani nikaokota moja ambalo nguruwe walikuwa hawajalifikia, nikalifuta kwa kanga na kulila pale pale, miguu ikiwa kwenye matope. Lilikuwa tamu, laini, limejaa maji. Kikapu kizima kilikuwa hivyo. Baba yako mdogo Ambakisye aliyachuma mwenyewe kule Suma, akayapanga moja moja kwenye majani makavu ya mgomba, juu akaweka sweta, kisha akamtuma mwenye bodaboda akuletee kwa sababu alisikia unaondoka. Sweta ukalitundika kwenye uzio, matofaa ukayamwaga. Ukaniambia, "Mama, mwenyewe anajua sili cha kwake. Ananitafutia nini wiki ninayoondoka?"

Jibu nilikuwa nalo, ninalo mwaka wa nane huu, lakini niliinamia dramu nikajifanya nasikiliza mvinyo.

Leo umekwenda Mpuguso kumuaga bibi, na nimempigia simu nikamwomba asikuachie mapema. Mvua inanyesha tangu mchana. Nimekaa jikoni na daftari lako la zamani la jiografia, zile kurasa za nyuma ulizoacha wazi. Barua hii nimeianza mara tatu na mara zote tatu nimeinuka. Mara ya kwanza nilikwenda kuangalia kama ule mpira wa kutolea hewa ya dramu bado uko ndani ya chupa ya maji. Uko, na unatoa mapovu vizuri tu. Mara ya pili nilikwenda kumfukuza kuku ambaye hakuwa amefanya kosa lolote. Mara ya tatu nilisimama mlangoni nikaangalia mvua, kama mtu ambaye hajawahi kuiona mvua ya Tukuyu. Unanijua, mimi si mtu wa kukaa. Lakini sasa nitakaa.

Mambo ya chandarua, ya kutokopesha vitu vyako, ya kula kabla ya kwenda darasani, sitayaandika. Kesho unalala Mbeya kwa mama yako mkubwa kabla ya kupanda basi la Morogoro, na yeye atakuambia yote hayo mpaka masikio yaume. Nataka kukuambia kitu kimoja ambacho hakuna mwingine atakayekuambia. Wanaokijua ni watu wachache sana, na mmoja wao amenyamaza ili mimi nisiaibike.

Nianzie kwenye miti. Baba yako alipopanda matofaa hapa Ikuti, watu walimcheka. Kila mtu ana migomba na chai, yeye anahangaika na vijiti alivyokata kwenye mti mmoja mzee uliobaki kwenye kiwanja cha misheni. Alivibebesha kwenye mashina mengine vishikane, akapata miche arobaini, yote kutoka mti ule mmoja. Matunda yake unayajua: ya kijani, ngozi inakwaruza kama ya kiazi, ukiuma meno yanakufa ganzi. Sokoni hakuna aliyeyataka. Wewe mwenyewe ndiye uliyeyaita magumu, na jina likabaki. Baba yako alikuwa amesikia kwamba tunda la namna ile, kali na lenye ugumu, ndilo linalotoa mvinyo wa kukaa. Alifariki kabla ya kukamua hata chupa moja. Ulikuwa na miaka mitano.

Katikati ya ile arobaini kulikuwa na miti mitano ya matofaa mekundu. Hiyo ilitoka kwenye kitalu cha Ambakisye. Alimwambia kaka yake, "Hii ipande humo humo katikati, usiitenge." Baba yako akaipanda, na mimi sikuuliza kwa nini. Niliona ni zawadi ya mdogo mtu kwa kaka yake, basi.

Baada ya msiba, Ambakisye hakutuacha. Kila msimu alikuja kutusaidia kupukutisha majani, maana huku kwetu hakuna baridi ya kuyaangusha, na usipoyatoa kwa mkono mti haukumbuki kutoa maua. Utakumbuka ulivyokuwa ukipanda mabegani mwake kufikia matawi ya juu. Alipogoa matawi, akanoa panga zangu bila kuombwa. Matunda mekundu alichuma yeye, akauza Tukuyu, na kila mara aliacha ndoo moja kwenye baraza letu. Ulikuwa unamkimbilia ukimwona tu kule njiapanda. Hilo sidhani kama unalikumbuka, kwa sababu nilifanya kazi kubwa ili usahau.

Mimi mvinyo nilijifunza kwa kuharibu. Kuna kosa la msimu wa kwanza ambalo unapenda kuwasimulia wageni, nami nalikubali. Nilisaga magumu kwenye kinu, nikakamua kwa jeki ya gari, juisi nikaiacha kwenye dramu wiki mbili, halafu nikachoka kungoja. Ilikuwa bado inachemka chini kwa chini. Nikaijaza kwenye chupa, nikaziba kwa nguvu zangu zote, nikazipanga chini ya kitanda. Jumatano akina mama wa kanisa wakaja nyumbani kwa maombi. Mzee wa kanisa alikuwa ndiyo kwanza anasema "Ee Bwana, tunakungoja," chupa ya kwanza ikapasuka. Ikafuata ya pili, kisha zikaanza kushindana. Mama mmoja alitoka na kiti mkononi mpaka barabarani. Mzee alilala chini na Biblia kichwani. Harufu ilivyotambaa kutoka chumbani, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nilikaa miezi bila kupewa zamu ya kupamba kanisa.

Tumecheka sana juu ya siku ile, na nilikuachia ucheke kwa sababu ni kosa ambalo naweza kulibeba mbele za watu. Lile jingine silo.

Ulikuwa na miaka minane wakati mwenye hoteli mmoja wa Mbeya, mama mkali mwenye miwani, alipokuja kuonja. Wakati huo nilikuwa nachanganya magumu na mekundu yale ya kwenye ndoo ya barazani, ili nipate juisi nyingi. Mvinyo wa matofaa vijana wa mjini wanauita saida, yeye aliuita mvinyo tu. Alionja mara mbili, akatema, akaniambia, "Humu kuna watu wawili. Mmoja anaongea vizuri, mwingine anamkatiza. Niletee yule mmoja." Akaweka glasi chini. Alitaka tofaa la aina moja, ladha moja, na akasema akiipata atanunua kila msimu.

Sasa sikiliza, Subi. Kumpa alichotaka, nilipaswa kufanya nini? Kuacha kuchanganya. Basi. Magumu kwenye kinu, mekundu yaende sokoni. Hata mtoto wa chekechea angejua. Lakini kesho yake nilianza kuiangalia ile miti mitano kwa jicho jingine, na nilikuwa nimepata sababu ya kuutetea ubaya wangu.

Maana kulikuwa na maneno kwenye ukoo. Wazee wawili watatu walikuwa wakisema kwamba shamba la marehemu lingerudi kwa mdogo wake, na mjane aangaliwe tu. Ambakisye mwenyewe hakuwahi kusema hivyo, hata siku moja. Lakini mimi nilimsikia akisema hata alipokohoa tu. Kila alipopita getini bila kubisha, niliona anapima mipaka. Ile miti mitano ilikuwa ndiyo ruhusa yake ya kuingia. Nikajiambia, shamba likiwa na tofaa la aina moja, litakuwa na mwenyewe mmoja.

Ambakisye alikwenda msibani siku mbili. Nikaazima shoka kwa jirani. Kazi ile sikumpa kibarua, nilikata mwenyewe, na nakuambia ukweli, mti wa kwanza nilikata nikilia na mti wa tano nilikata nikiimba. Ulikuwa pale umeshika kikapu. Uliniuliza, "Baba mdogo atachuma wapi?" Nikakuambia ukaangalie kama maji yamechemka.

Aliporudi alisimama katikati ya visiki muda mrefu. Nilitegemea matusi. Majibu yake nilikuwa nimeyaandaa. Yeye akaokota tawi, akalikwaruza kwa kucha kuona kama bado lina ubichi ndani, akasema, "Mama Subi, hii peke yake haitazaa. Nakwambia mapema. Haitazaa." Halafu akakusanya matawi mabichi, akayafunga kwa kamba ya mgomba, akaondoka nayo begani.

Unajua sisi Wanyakyusa tulivyo na neno la ndugu aliyekasirika. Hakuna haja ya dawa wala mganga. Ndugu akinung'unika moyoni, wazee wanasema pumzi yake inakwenda kama ubaridi, inamfikia mtoto anaumwa, inalifikia shamba linakauka. Imbepo sya bandu, pumzi ya watu, ndivyo tunavyoiita. Nimekulia ndani ya hofu hiyo, na wewe nimekulea ndani yake. Kwa hiyo msimu uliofuata miti ilipochanua, shamba zima jeupe, nyuki wanalia, halafu maua yakaanguka yote bila kufunga hata tunda moja, mimi sikutafuta sababu. Nilikuwa nayo tayari. Alisema haitazaa.

Msimu wa pili, vivyo hivyo. Arobaini nzima, majani mazuri, hakuna kitu. Yule mama wa hoteli ya Mbeya alikwisha acha kupiga simu. Nikaenda kwa mwenyekiti wa ukoo nikaomba kikao.

Hapa ndipo ninapoinuka, na sasa nimeinuka tena, nimerudi. Dramu haina shida yoyote.

Kikao kile unakikumbuka. Ulikuwa na miaka kumi. Nilikuvalisha gauni la bluu. Nilisema mbele ya wazee kwamba shemeji yangu amelinenea shamba la mayatima kwa sababu nilikata miti yake. Ambakisye alisema, "Sikunena kitu. Nilimweleza jinsi miti ilivyo." Wazee wakaguna. Mwenyekiti akauliza kama kuna shahidi. Nikakusukuma mbele kwa kiganja, hivi, katikati ya mgongo. Akakuambia kwa upole, "Gwe mwana, usiogope. Baba yako mdogo alisemaje siku ile?" Ukasema kwa sauti ya darasani, "Alisema haitazaa. Alisema mara mbili."

Ulisema kweli tupu. Nataka uisome sentensi hii hata mara kumi: ulisema kweli. Mimi ndiye niliyeichukua kweli yako nikaifanyia uongo, na wewe hukuwa na njia ya kujua. Najua umekua ukiamini kwamba siku ile uliokoa shamba la baba yako. Nilikuambia hivyo mimi mwenyewe tukiwa njiani kurudi, nikakununulia soda.

Wazee wakaamua kwamba shamba ni langu na lako, na Ambakisye asikanyage. Hawakumfukuza kijijini. Hawakuhitaji. Watu waliacha kunywa naye. Pombe ya kimpumu ikiletwa, mrija ulipomfikia yeye, wenzake walikumbuka wana ng'ombe wa kufunga. Mkewe alipoleta ndizi kwenye msiba, zilirudi kama zilivyokwenda. Na wewe nilikukanya usile kwake, usipokee kitu mkononi mwake, ukimwona njiani upite upande wa pili. Ulitii vizuri mno. Hata mwaka hawakumaliza, wakahamia Suma kwa wajomba zake.

Msimu wa tatu alikuja bibi shamba, yule binti mfupi mwenye pikipiki, unamkumbuka kwa sababu alikupa helmeti ukavaa siku nzima. Wewe ulikuwa shule alipofika mara ya kwanza. Maua yalikuwa yamefunguka. Alichuma moja, akalifungua kwa ukucha, akaniuliza miti yote hii imetoka wapi. Nikamwambia mti mmoja wa misheni. Akaniuliza zamani humu hapakuwa na aina nyingine? Nikamwonyesha visiki. Akauliza ilikufaje. Nikasema ilikauka. Unaona? Hakunijua, hakuwa na ukoo hapa, na bado nikamdanganya.

Akaniambia, "Mama, tofaa halijizalishi lenyewe. Miti yote hii ni kama mti mmoja uliokatwa vipande arobaini. Nyuki anaweza kuzunguka mpaka achoke, anahamisha chavua ya mti kwenye mti ule ule. Inahitaji aina nyingine karibu, hata michache. Aliyeipanda ile iliyokauka alijua anachofanya." Akaniandikia kwenye karatasi. Alisema nikipata matawi yenye maua ya aina nyingine niyatie kwenye ndoo za maji, niyatundike katikati ya shamba, nyuki watafanya kazi, na baadaye nibebeshe matawi mawili matatu ya aina hiyo juu ya miti yangu.

Nilimkaribisha chai. Nilimmiminia ikafurika mpaka kwenye meza. Akadhani namshukuru.

Subi, nilikuwa nimemharibia mtu jina kwa sababu aliniambia jinsi miti ilivyo. Hakukasirika hata pale alipokuwa na haki ya kukasirika. Alikuwa ananionya, kwa upole, katikati ya visiki vya miti yake, na mimi nikayapeleka maneno yake kikaoni kama kisu kilichookotwa mahali pa mauaji. Nilikaa kitini nikasema kwa sauti, peke yangu, "Umefanya nini wewe mwanamke." Halafu nikafanya kitu kibaya kuliko vyote, nikaanza kufikiria nitapata wapi matawi.

Matofaa mekundu huku hakuna aliyekuwa nayo ila yeye. Yale matawi aliyoondoka nayo begani aliyabebesha kwa wajomba zake Suma, hata kabla hajahamia huko. Nikachukua ndoo nikaenda. Njiani nilitunga maneno ya kuomba radhi, mazuri kweli, nikafika nayo mpaka mlangoni. Mkewe alifungua, akaniangalia mimi na ndoo yangu, akaita ndani bila kunisalimia. Ambakisye akatoka. Nikasema, "Shemeji, nimekuja kuomba maua." Hayo ndiyo maneno yaliyotoka. Mengine yote yalibaki tumboni.

Alikwenda kuchukua panga. Akachagua matawi ambayo maua yake ndiyo kwanza yanataka kufunguka, akayatia kwenye ndoo, akayafunika kwa jani la mgomba lililoloweshwa. Akanifungia kamba kwenye mpini isinikate mkono. Akasema, "Yatundike karibu na mizinga ya nyuki. Yakinyauka rudi." Nikasema ndaga fijo, asante sana. Nikaondoka. Hakuuliza kama nimeelewa. Alijua nimeelewa, ndiyo maana nilikuja.

Nimerudi kila msimu. Zile ndoo unazozikuta zimetundikwa shambani, nilizokuambia matawi yake yanatoka misheni, zinatoka kwake. Kila tofaa gumu lililofunga kwenye mti wetu tangu wakati huo limefunga kwa ua la mtu ambaye wewe huli chake. Mvinyo ule wa tofaa moja tunaojivunia, ule unaokufanya ukunje uso kwanza halafu ukaomba tena, ule uliokufanya uchague kusoma mambo ya usindikaji wa vyakula, haungekuwepo bila mekundu yake. Na bibi shamba alisema nibebeshe matawi kwenye miti yangu nisihangaike kila mwaka. Sikubebesha. Unajua kwa nini? Kwa sababu yangezaa matofaa mekundu, watu wangeyaona, wangeuliza. Nilipendelea kwenda Suma na ndoo kwa siri, mwaka hadi mwaka, kuliko tunda moja jekundu lionekane shambani kwangu.

Wengine husema waliogopa kwa sababu ya watoto wao. Mimi pia nimejiambia hivyo. Niliogopa wazee watasema shamba nililipata kwa uongo. Ni kweli nililipata kwa uongo. Lakini kulikuwa na kitu kidogo zaidi na kibaya zaidi: niliogopa uso wako. Ulikuwa unaniangalia kama mama aliyepigana peke yake akashinda. Nilikuwa napenda ukiniangalia hivyo. Nilikuwa naahirisha tu, nikisema akimaliza la saba, akimaliza kidato cha nne, akipata chuo. Sasa umepata chuo, na sanduku liko mlangoni.

Sina ushauri mkubwa wa kukupa kutokana na haya. Kama kuna kitu nilichojifunza, ni kwamba nilipotaka sana jambo liwe kweli, sikuuliza swali la pili. Ningemuuliza tu, "Kwa nini haitazaa?" Angenijibu. Angefurahi hata kujibu, maana hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Ambakisye habari za miti ambaye hakuchelewa kurudi nyumbani. Maneno matatu tu yangetosha. Huko uendako utawaogopa watu fulani, na pengine utakuwa sahihi. Lakini waulize kwanza.

Na usidhani nakupa lawama kwa ajili ya Jumamosi. Uliyamwaga matofaa kwa sababu nilikufundisha. Nilipokuwa bandani nikitafuna lile moja nilijiona mwenyewe, mwanamke mzima, naiba mbele ya nguruwe zawadi ya mtoto wangu. Tangu siku hiyo sijatulia. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kutoka.

Nilipoanza kuandika nilipanga kuitia barua hii chini ya mashuka kwenye sanduku, uione ukiwa umeshapita Makambako. Ungenikasirikia ukiwa mbali, na mimi ningekuwa salama jikoni kwangu. Nimefika mpaka ukurasa huu ndipo nimeona kwamba huo nao ni ujanja wangu ule ule. Ungefika Morogoro unajua, na yeye angebaki Suma bado ni mtu ambaye mtoto wa kaka yake aliondoka bila kumuaga. Kwa hiyo hutaisoma njiani. Nitakupa asubuhi, hapa mezani, na nitakaa mbele yako mpaka umalize. Sitainuka. Ukitaka kupiga kelele, piga. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, ingawa hilo litaniuma zaidi.

Mambo mengine mawili nimeshayafanya, ili nisipate nafasi ya kubadili mawazo.

La kwanza, nimempigia mwenyekiti wa ukoo nikamwomba kikao Jumapili baada ya ibada. Akauliza cha nini. Nikamwambia ni kile kile cha zamani, kuna shahidi hakusema yote, na shahidi huyo ni mimi. Akaniambia nilete mwenyewe sukari ya chai. Sijui wataamua nini. Wakisema shamba lirudi kwa Ambakisye, litarudi. Najua unakwenda kusoma ili uje uendeleze mvinyo huu, na inawezekana urudi ukute hakuna cha kuendeleza. Hilo nalo nimekuharibia, na sina namna ya kulipamba.

La pili, nimempigia yeye.

Ilikuwa kabla ya kuanza ukurasa huu. Simu iliita mpaka nikatamani isipokelewe. Alipopokea nilisema yote kwa mkupuo bila salamu: visiki, kikao, gauni la bluu, kiganja changu mgongoni kwako, bibi shamba, ndoo. Nikasema nisamehe. Nilisikia mvua ya Suma kwenye bati lake, kubwa kuliko ya kwetu. Nikamwambia kwamba kesho utajua, kwamba gari za Mbeya hazikosekani mchana kutwa, na kwamba asubuhi, ukikubali, bajaji itatupitisha kwake kwanza tukuage wote. Nikasema siwezi kumwahidi. Nikasema inawezekana usitake kutuona sote wawili.

Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Nilisikia akimwambia mkewe kitu, mkewe akajibu, sufuria ikasogezwa. Kisha akarudi kwenye simu, na sauti yake, Subi, ilikuwa ndogo kabisa, kama ya mtu anayeomba kitu ambacho hana haki nacho. Akauliza, "Mtoto atakula kwangu?"

Nimemwambia nitakuuliza wewe.

Mama yako